Alice Hamilton: Daktari wa vidole vilivyokufa ganzi

HISTORIA ya afya ya wafanyakazi nchini Marekani haiwezi kuandikwa bila kumtaja Dk. Alice Hamilton, mwanamke aliyeingia migodini na viwandani wakati madaktari wengi waliwasubiri wagonjwa hospitalini.

Alizaliwa New York mwaka 1869, akakulia Fort Wayne, Indiana, na kuhitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893. Mwaka 1897 alihamia Hull House, makazi yaliyowahudumia wahamiaji maskini wa Chicago. Hapo ndipo alipobaini kuwa maradhi mengi ya majirani zake yalitoka kazini.

Baada ya kuchunguza sumu ya madini ya risasi viwandani, mwanzoni mwa mwaka 1918 alikwenda Bedford, Indiana, kuwapima wachonga mawe ya chokaa. Mafundi hao walitumia nyundo zinazoendeshwa kwa hewa yenye shinikizo, ambazo ziliharakisha kazi lakini zikiitetemesha mikono kutwa nzima.

Asubuhi za baridi, vidole vyao viligeuka vyeupe kama vya maiti na kufa ganzi. Mkono wa kushoto, ulioshika tindo, ndio ulioathirika zaidi. Dk. Hamilton alitaja sababu tatu: mtetemo wa chombo, baridi na kushika chombo kwa nguvu kwa saa nyingi. Leo inafahamika kuwa mtetemo huo huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na ganzi yake huweza kuwa ya kudumu.

Mwaka 1919 akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Chuo Kikuu cha Harvard. Hata hivyo, hakuruhusiwa kuandamana na wahadhiri wenzake siku ya mahafali, na alistaafu mwaka 1935 bila kupandishwa cheo.

Alifariki Septemba 22, 1970, akiwa na umri wa miaka 101. Miezi mitatu baadaye, Marekani ilipitisha sheria ya usalama na afya kazini.

Lakini watafiti waliporudi Bedford mwaka 1978, miaka 60 baada yake, waliwakuta wachonga mawe wakiwa na vidole vyeupe vilevile. Ugonjwa ulikuwa umeandikwa zamani. Kilichokosekana ni hatua za kuuzuia.