THABIT BIN QURRA NA NAMBA ZINAZOPENDANA

Leo tumzungumze mtu wa Baghdad, na kabla hatujafika mbali ujue jambo moja: Thabit bin Qurra hakuwa Muislamu. Wako ndugu zetu wanaomtia kwenye orodha ya wanavyuoni wa Kiislamu wakidhani wanaitukuza dini. Kwani dini yetu ina haja ya uongo? Thabit alikuwa Swabii wa Harran, mji ambao sasa uko Uturuki, katika watu waliozitukuza nyota, na alikufa juu ya dini hiyo hiyo.

Alizaliwa karne ya 3 Hijria, na kazi yake ilikuwa kubadilisha sarafu. Siku moja akapita Muhammad bin Musa bin Shakir, mmoja wa wale ndugu watatu waitwao Banu Musa, akirudi kutoka nchi ya Warumi. Akaona vile mtu huyu anavyojua lugha: Kisuryani, Kigiriki, Kiarabu. Akamchukua mpaka Baghdad, akamsomesha nyumbani kwake. Baadaye Khalifa al-Mu'tadhid akamweka karibu naye. Basi tazama, Muislamu ndiye aliyemfungulia mlango, na yeye akalipa kwa elimu. Vitabu vya Wayunani alivyovitia katika Kiarabu na kuvisahihisha si vichache.

Lakini mimi kilichonishangaza ni namba zake. Chukua 220. Namba zote ndogo zinazoigawa bila ya kubaki kitu ni 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Zijumlishe: 284. Sasa fanya hivyo hivyo kwa 284: 1, 2, 4, 71, 142. Jumla? 220! Kila moja imembeba mwenzake. Waarabu waliziita namba zinazopendana.

Wayunani waliijua jozi hiyo. Thabit alitaka njia ya kupata nyingine, akaiandika pamoja na hoja ya kuithibitisha. Hebu shika kalamu baada ya tarawehe. Anza na 16. Mara 3, toa 1: 47. Chukua nusu yake, 8, mara 3, toa 1: 23. Kisha 16 mara 8 mara 9, toa 1: 1151. Zote tatu hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe, na hilo ndilo sharti. Zidisha 16 kwa 23 kwa 47, upate 17296. Zidisha 16 kwa 1151, upate 18416. Hizo nazo zinapendana.

Ukianza na 8 utakwama, kwa sababu utapata 287, nayo ni 7 mara 41.

Thabit alifariki Baghdad mwaka 288 Hijria (901). Jozi ya 17296 aliieleza Kamal ad-Din al-Farisi, Muislamu wa Uajemi, miaka 300 na zaidi kabla ya Mfaransa Fermat kuitaja mwaka 1636. Na katika karne ya 17 Mwajemi mwengine, Muhammad Baqir Yazdi, akaanza na 128 kwa njia ile ile ya Thabit, akatoka na 9,363,584 na 9,437,056.