Broca na Mgonjwa wa Tan

Paul Broca, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1824, alikuwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre karibu na Paris, aliletewa mgonjwa aitwaye Leborgne. Ukimuuliza chochote anajibu tan, lakini mengi unayomwambia anayaelewa. Alipofariki siku chache baadaye, Broca aliuchunguza ubongo wake, akakuta umeharibika upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Kumbe kutamka maneno kuna mahali pake kichwani, na kunaweza kupotea huku uelewa ukibaki! Broca alifariki mwaka 1880. Eneo hilo bado linaitwa kwa jina lake.

Mimi nasomea ualimu. Wanafunzi wangapi huitwa wajinga kisa tu hawawezi kujieleza? Nikipewa darasa, sitapima akili kwa ulimi peke yake.