Ibn Khaldun, Mtafuta Sababu

Waislamu wengi wa mwambao hulitaja jina la Ibn Khaldun kwa fahari. Wakisikia kwamba Mfaransa Auguste Comte ndiye aliyeipa elimu ya jamii jina lake katika karne ya 19, hujibu upesi kwamba Mwislamu wa Tunis alimtangulia kwa zaidi ya miaka 400. Jawabu hilo ni la kweli. Lakini mwenye kujivunia kisima asichokiteka maji hufa na kiu sawa na asiye na kisima. Yatupasa basi tumjue mtu huyu na kazi yake, kisha tujiulize twaitumiaje.

Jina lake ni Abdulrahman bin Muhammad bin Khaldun. Alizaliwa Tunis siku ya kwanza ya Ramadhani, mwaka 732 wa Hijria, yaani tarehe 27 Mei 1332. Asili ya ukoo wake ni Hadhramaut, nchi ambayo wengi katika miji yetu wana nasaba nayo. Wazee wake waliingia Andalusia wakatukuka katika mji wa Seville, kisha wakahama kabla mji huo haujatekwa na Wakristo mwaka 1248. Yeye alihifadhi Kurani, akasoma fikihi ya Imam Malik, lugha, mantiki na hisabu. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na saba hivi, tauni kuu iliyoenea Mashariki na Magharibi ikaingia Tunis, ikawaua baba yake, mama yake na wengi katika walimu wake.

Baada ya msiba huo aliingia katika kazi za wafalme. Alikuwa karani wa Sultani wa Fez, akatuhumiwa kula njama, akatiwa gerezani karibu miaka miwili, asitoke mpaka Sultani alipokufa. Mwaka 1362 alikwenda Granada, na baadaye akatumwa kuwa mjumbe kwa Mfalme Pedro wa Castile katika Seville, mji wa mababu zake. Mfalme alitaka kumrudishia mali ya wazee wake ili akae kwake, naye akakataa. Aliporejea Afrika alishika uwaziri mjini Bijaya, akakusanya kodi kwa makabila ya milimani, akaziona dola zikiinuka na kuanguka mbele ya macho yake.

Mwaka 1375 alichoshwa na fitina za majumba ya kifalme. Akajitenga pamoja na ahali zake katika ngome ya Ibn Salama, katika nchi inayoitwa Algeria leo, akakaa huko karibu miaka minne. Huko, mwaka 1377, aliandika kwa muda wa miezi mitano kitabu chake mashuhuri, Al-Muqaddima. Ndani yake alisema kwamba mikusanyiko ya watu ina kanuni zake, na kwamba haifai kuipokea habari kwa kuwa imepokewa tu, bali ipimwe kwa tabia ya mambo yenyewe. Akaeleza habari ya asabia, yaani ule mshikamano unaowafanya watu wasimame pamoja kama mtu mmoja. Dola husimama kwa mshikamano huo, na anasa na dhuluma huuvunja. Akaeleza pia kwamba chumo la binadamu ni thamani ya kazi yake, na kwamba kumtumikisha mtu bila ujira ni katika dhuluma zilizo kubwa mno, kwa kuwa huangamiza miji.

Mwaka 1382 alisafiri kwenda Misri, akafundisha Al-Azhar, na mwaka 1384 akawekwa kuwa Kadhi wa madhehebu ya Maliki mjini Kairo. Alikataa rushwa na maombezi ya wakubwa, akapata maadui wengi. Katika siku hizo ahali zake walikuwa njiani kumfuata, na chombo chao kikazama. Alijiuzulu, akahiji mwaka 1387, akarudi kwenye mafundisho. Ukadhi alipewa na kunyang'anywa mara kadhaa. Mwaka 1401, Damascus ilipohusuriwa, aliteremshwa kwa kamba kutoka ukutani akaonane na Timur, mfalme wa Watatari, wakazungumza habari za dola na nchi za Magharibi. Alifariki Kairo katika Ramadhani ya mwaka 808, yaani Machi 1406.

Hayo ndiyo maisha yake. Tuijaribu sasa elimu yake, kwanza nyumbani kwetu, kisha kwa jirani zetu.

Ibn Khaldun alisema utukufu wa nyumba hukaa vizazi vinne kwa kawaida. Wa kwanza huujenga na huyajua mashaka yake. Wa pili humwona baba yake akihangaika, akajifunza kwake. Wa tatu huiga tu. Wa nne hudhani kwamba utukufu ni haki aliyozaliwa nayo, akaudharau ule utaratibu uliouleta. Nani katika sisi hajui nyumba ya mawe iliyojengwa na babu kwa jasho, ikauzwa na mjukuu kwa sababu ya arusi za kushindana na kesi za mirathi? Sisi husema ni jicho au ni bahati mbaya. Yeye angeuliza kwanza watoto walilelewaje.

Kwa jirani zetu, tuitazame Sigowet, upande wa Kericho, katika nchi ya Wakipsigis na ya chai. Hatuko mbali nayo, kwa kuwa mnada wa chai uko Mombasa tangu mwaka 1969, na chai hiyo ndiyo tuinywayo barazani. Mtu wa pwani akimwona mchumaji wa huko akifanya kazi katika shamba la kampuni kwa ujira mdogo, kama alivyofanya baba yake, huenda akasema ndiyo tabia yao. Mwanafunzi wa Ibn Khaldun hasemi hivyo. Huuliza sababu, na sababu zipo. Serikali ya kikoloni iliitwaa ardhi ya Kericho, na mwaka 1919 ikawagawia maofisa wa Kiingereza waliolemazwa vitani ili walime kitani. Kilimo hicho kilipoanguka, kampuni za chai zikaingia katika miaka ya 1920. Mwenyeji alidaiwa kodi ya nyumba kwa fedha, na fedha aliipata kwa kuuza nguvu zake. Mwaka 1934 ukoo wa Talai, waliokuwa viongozi, ulihamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Waliofanya hivyo waliijua asabia kwa vitendo: walijua kwamba ukitaka kuwadhoofisha watu, waondolee wanaowakusanya.

Hata hivyo mshikamano haukufa. Jirani waliendelea kukutana katika baraza lao, kokwet, wakisuluhishana na kusaidiana kazi. Kisha wakulima wadogo walipopata nafasi ya kulima chai yao wenyewe, wakakusanywa chini ya shirika la KTDA lililoundwa mwaka 1964, walionyesha kwamba wao si watu wa kutumikishwa kwa tabia. Sababu zilibadilika, na hali ikabadilika. Tena mwezi Mei 2023, mashine za kuchumia chai zilipochomwa moto Kericho, wengi walisema ni fujo tu. Kuchoma mali si halali. Lakini ambaye ardhi ilimtoka zamani, akabaki na mikono miwili, atakula nini mashine ikiichukua kazi ya mikono?

Na tusiifahamu vibaya asabia. Ushabiki wa kabila dhidi ya haki umekatazwa, na Ibn Khaldun mwenyewe alieleza hivyo. Mshikamano wenye kusifiwa ni ule unaoisimamisha haki.

Basi, ndugu msomaji, utakapotaka kusema kwamba watu fulani ni wavivu, au vijana wa leo wameharibika, zuia ulimi wako kidogo, utafute kwanza sababu. Ukiipata, utajua mahali pa kutengeneza.