Siri ya Mtungi Aijua Kata: Imamu Ghazali na Maradhi Yaliyomfunga Ulimi

Wahenga wetu wamenena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Wamenena kweli, maana aliyelala kitandani hangojewi mpaka aombe. Walakini, ndugu msomaji, methali hii huku kwetu bara ya Mombasa, tangu Likoni hata Kisauni na Changamwe, imetiwa mahali pasipo pake. Mtu akishikwa na maradhi ya akili haulizwi uji, wala haulizwi usingizi, wala haulizwi lililomsibu. Huulizwa mamake, mkewe, mwalimu, mganga na jirani wa ng'ambo ya uchochoro. Mwenyewe ameketi papo hapo ukumbini, anawasikia.

Kwa kulifikiri jambo hili nimeyakumbuka maisha ya mtu ambaye kila aliyepita chuoni amelisikia jina lake. Naye ni Imamu Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wengi wanamjua kwa kitabu chake kikubwa, Ihya Ulumi-d-Din, ambacho masharifu wenye asili ya Hadhramawt wamekienzi mno na kukisomesha katika pwani yetu. Wachache wanaokumbuka ya kwamba bwana huyu aliwahi kuugua ugonjwa usioingia dawa ya tabibu, na kwamba habari zake aliziandika kwa mkono wake mwenyewe.

Alizaliwa mwaka 1058, sawa na 450 Hijria, katika mji wa Tus, nchi ya Khurasani, ambayo leo imo Iran. Baba yake alifariki angali mdogo, akawaacha yeye na nduguye Ahmad katika amana ya rafiki mchaji Mungu. Alisoma kwao, kisha akenda Nishapur kwa Imamu-l-Haramayn al-Juwayni, akakaa naye hata sheikh huyo alipofariki mwaka 1085. Nizam al-Mulk, waziri mkuu wa dola ya Waseljuki, alimwona kuwa lulu, na mwaka 1091 akampeleka Baghdad kusomesha katika madrasa ya Nizamiyya. Alikuwa hajatimiza umri wa miaka thelathini na mitano, na darasa lake lilikuwa na wanafunzi kama 300. Heshima gani tena mtu aitake?

Mwaka 1095, mwezi wa Rajab 488 Hijria, ulimi wake ulifunga. Alijitahidi kusomesha, japo siku moja, ili awaridhishe wanafunzi wake, na neno halikutoka. Huzuni ikamwingia moyoni, kisha ikateremka mwilini. Funda la maji likawa halipiti kooni, na tonge likawa halisagiki tumboni. Kwa muda wa karibu miezi sita alikuwa akivutwa huku na huku: asubuhi huazimia kuiacha dunia ya Baghdad na jaha yake, jioni azma ikavunjika.

Matabibu waliitwa. Kwa sifa yao, walikiri kwamba ugonjwa huu umeshuka moyoni kisha ukaenea katika mwili, na kwamba dawa zao hazitafaa kitu maadamu dhiki ya moyo haijaondoka. Watu wa mjini wao walikuwa na yao. Waliokuwa mbali na Iraq walidhani ana ugomvi na watawala. Waliokuwa karibu waliona jinsi watawala walivyomng'ang'ania, wakasema basi hili ni jicho lililowapata Waislamu na wanavyuoni wao. Je, msomaji, hujihisi kama uko barazani Kisauni? Miaka zaidi ya 900 imepita, na maneno ni yale yale.

Imamu aligawa mali yake, akabakisha ya kumtosha yeye na watoto wake, akatangaza kwamba anakwenda Makka ilhali nia yake ilikuwa Sham. Huko Damascus alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia mchana kutwa. Alizuru Baytu-l-Maqdis, akahiji, na mwisho wito wa watoto wake ukamrejesha kwao. Ilipita kama miaka kumi na mmoja kabla ya kurudi kusomesha hadharani, mwaka 1106 huko Nishapur. Alifariki Tus mwaka 1111.

Kabla ya kufa aliandika kitabu kidogo, al-Munqidh min al-Dalal, na humo ndimo alimoyaeleza haya yote. Wala hakuyaeleza kwa kulalama. Alisema kwamba vitabu vya masufi alikuwa amekwisha kuvisoma kabla, akajua yote yanayojulikana kwa kusoma. Kilichobakia hakipatikani ila kwa kuonja. Akapiga mifano: kuijua maana ya siha ni mbali na kuwa na siha, na kuijua maana ya shibe ni mbali na kushiba. Tabibu aliyeugua anaijua siha kwa maneno, na mwili wake hauna siha. Kwa Imamu Ghazali, basi, kuonja ni elimu yenye daraja yake, si porojo za mgonjwa.

Tahadhari hapa. Huyu si mtu aliyeidharau tiba. Katika Ihya ameiweka tiba katika fardhi kifaya, mji ukikosa tabibu watu wake wote wamo dhambini. Wala mimi siupi ugonjwa wake jina la kihospitali. Yeye aliuona kuwa ni jambo baina yake na Mola wake, na hilo tumwachie mwenyewe. Nisemalo ni kwamba elimu hizi mbili alizikalisha jamvi moja.

Nilimjua fundi mmoja wa mashua, mtu wa Likoni. Alipopatwa na maradhi ya akili alipelekwa hospitali moja mbali na huku, akapewa vidonge, na sauti alizokuwa akizisikia zikapungua. Lakini mikono ilianza kutetemeka hata tezo haikushikika. Akavitupa vidonge. Katika karatasi yake pakaandikwa kwamba ni mkaidi. Akaugua tena, akarudishwa, akavitupa tena. Mara ya tatu muuguzi mmoja alivuta kiti akamwuliza sababu. Fundi akanyosha mikono, akamwonyesha. Dawa ilibadilishwa, na mashua aliyoimaliza baadaye niliipanda mimi.

Leo wapo wanaolifanya swali lile kuwa kazi yao. Katika Kenya kuna chama cha watu waliopitia maradhi ya akili wenyewe, USP Kenya, kilichoanzishwa mwaka 2007, na wanachama wake hukutana wakasaidiana kwa yale waliyoyaonja. Sheria ya afya ya akili ya mwaka 1989 nayo ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa yataka mgonjwa atakwe ridhaa yake kabla ya kutibiwa. Haya ni mazuri. Lakini sheria haiingii ukumbini mwetu, ambamo mara nyingi ndimo shauri linapokatwa, kabla gari halijaondoka kwenda Port Reitz au kwa mganga.

Kwa hivyo nina ombi moja kwa wazee wenzangu. Yakitufika, na Mungu atuepushe, tuite tabibu, tusome dua zetu, na tushauriane kama kawaida yetu. Kisha kabla ya kuinuka tumgeukie yule aliyeketi pembeni tumwulize yeye, na tungoje jawabu hata ikichelewa. Imamu Ghazali mwenyewe, pamoja na elimu yake yote, ilimchukua miaka mingi kuipata yake.