Hertz: Aliyegundua mawimbi ya redio akafa kabla ya kuona faida yake

NI vigumu kupata redio, rununu au tarakilishi ambayo haihusiani kwa namna moja au nyingine na jina la Heinrich Hertz. Hutajwa kila mtangazaji anapowakumbusha wasikilizaji masafa ya stesheni yake, nalo huchapishwa kwenye maboksi ya vifaa vya mawasiliano. Lakini ni wachache wanaofahamu kwamba mwenye jina hilo aliishi miaka 36 tu, na kwamba majaribio yaliyompa sifa yalifanyika ndani ya ukumbi mmoja wa mihadhara.

Hertz alizaliwa jijini Hamburg, Ujerumani, mnamo Februari 22, 1857. Babake alikuwa wakili, wa ukoo wa Kiyahudi uliokuwa umeingia Ukristo. Kijana huyo alikuwa na kipaji cha lugha, akajifunza hata Kiarabu. Vilevile alipenda kazi za mikono. Ustadi huo wa mikono ulimfaa baadaye, kwa kuwa vifaa alivyovihitaji havikuwepo dukani.

Alianza kusomea uhandisi, kisha akauacha na kufuata fizikia. Mnamo 1878 alijiunga na Chuo Kikuu cha Berlin chini ya Hermann von Helmholtz, akapata shahada ya uzamifu mwaka wa 1880. Wakati huo wanasayansi walikuwa wakibishana kuhusu madai ya James Clerk Maxwell wa Scotland, ambaye katika miaka ya 1860 alionyesha kwa hesabu kwamba umeme na usumaku husafiri hewani kama mawimbi, na kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la aina hiyo. Hakuna aliyekuwa amelithibitisha hilo kwa vitendo. Helmholtz alimtaka mwanafunzi wake ajaribu. Hertz alipiga hesabu, akaona kwamba vifaa vilivyokuwepo havingetosha, akakataa. Maxwell alifariki 1879 bila kujua iwapo kauli yake ilikuwa kweli.

Fursa ilirudi Hertz alipokuwa profesa mjini Karlsruhe, alikohamia 1885 na kumwoa Elisabeth Doll mwaka uliofuata. Alichukua nyaya mbili, akaacha mwanya mdogo kati yake, na kupitisha humo umeme mkali uliotoa cheche. Mita kadhaa kando aliweka kitanzi cha waya chenye mwanya mwembamba sana, kisichounganishwa na chochote. Cheche iliporuka upande wa kwanza, nyingine hafifu ilionekana kwenye kitanzi. Ilikuwa ndogo mno hivi kwamba alilazimika kukaa gizani ili aione.

Siri ilikuwa katika vipimo. Kitanzi hakikuitika vyema ila ukubwa wake ulipolingana na mtetemo wa nyaya zilizorusha mawimbi. Mrushaji na mpokeaji walipaswa kukubaliana, na kwa hakika viwango vyote vya mawasiliano yasiyotumia waya vilivyotungwa tangu hapo ni maelewano ya aina hiyo, yakiwa tu yameandikwa kwa urefu zaidi.

Ukumbi wake ulikuwa na urefu wa mita 15 hivi. Aliweka bati la zinki ukutani, mawimbi yakarudi kama mwangwi, naye akapima urefu wake. Mnamo 1888 alitumia mawimbi mafupi ya sentimita 66 na vioo vya bati vilivyopindwa, akayapitisha katika kipande kikubwa cha lami chenye uzito wa zaidi ya kilo 600. Yalipinda kama mwanga unavyopinda katika kioo. Maxwell alikuwa amesema kweli.

Ajabu ni kwamba mgunduzi hakuona matumizi yake. Mhandisi mmoja alipomuuliza mwaka wa 1889 kama yangeweza kubeba sauti ya simu, alijibu kwamba vioo vya kazi hiyo vingehitaji kuwa na ukubwa wa bara zima. Kwa mitetemo ya polepole ya sauti alikuwa sahihi. Wazo la kuipandisha sauti juu ya wimbi la kasi halikumjia.

Mwaka huo alihamia Bonn. Kuanzia 1892 aliugua vibaya, akafanyiwa upasuaji mara kadhaa, na akafariki Januari 1, 1894. Alimwacha mjane na mabinti wawili. Utawala wa Nazi uliposhika hatamu, ukoo wa babake ulitosha kuwafanya wasitakiwe nchini mwao. Mathilde, bintiye aliyekuwa mwanabayolojia, alipoteza kazi yake Berlin, na familia hiyo ikahamia Uingereza katika miaka ya 1930. Jina la baba lilikuwa tayari limekubaliwa kimataifa, mnamo 1930, kuwa kipimo cha mitetemo kwa sekunde.

Guglielmo Marconi alianza majaribio yake baada ya kusoma kuhusu kazi za Hertz, na kufikia 1901 alitangaza kwamba ishara yake imevuka Bahari ya Atlantiki. Kwa miongo mingi baadaye, umbali ndio uliokuwa fahari ya redio.

Safari ya kurudi chumbani ilianza mwishoni mwa karne. Mnamo 1985 Marekani iliruhusu masafa kadhaa, yakiwemo ya gigahertz 2.4, yatumiwe na vifaa vya mawasiliano bila leseni. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kilitolewa 1997. Wanaokumbuka rununu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 watakumbuka pia zile zilizolazimu kuelekezwa ana kwa ana ili kupeana picha kwa mwanga usioonekana, ambao kwa ushahidi wa Hertz ni ndugu wa redio. Bluetooth, iliyoasisiwa na kampuni ya Ericsson ya Uswidi mnamo 1994 na kupewa jina la mfalme wa kale wa Denmark, iliondoa usumbufu huo. Vifaa viwili huruka pamoja kutoka mkondo mmoja hadi mwingine, kati ya mikondo 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde, ili visigongane na vingine. Toleo la 2010 lilipunguza matumizi ya umeme kiasi kwamba betri ndogo ya saa inaweza kudumu miezi mingi.

Mawimbi hayo yana urefu wa sentimita 12 hivi, na katika vifaa vingi vya mfukoni hufika mita 10 tu, chini ya urefu wa ukumbi wa Karlsruhe.