Charles Glover Barkla na Mionzi ya Eksirei

Wasomaji wetu wengi wamepata kupigwa picha ya eksirei, lakini wachache wamelisikia jina la Charles Glover Barkla. Alizaliwa Widnes, Uingereza, mwaka 1877, akasoma Liverpool na Cambridge. Huko Cambridge alihamia King's College apate kuimba katika kwaya ya kanisa lake, kwa kuwa alijaliwa sauti nzuri.

Zamani zile wataalamu walibishana kama eksirei ni mawimbi au ni chembe zirukazo. Barkla, aliyekwisha rudi Liverpool, aliwaza kwamba ikiwa ni mawimbi, hutetemeka kwa kukingama na njia yake, kama kamba itikiswayo na watoto. Nayo yakigonga kitu na kutawanyika kando, yatabakiwa na mtetemo wa upande mmoja tu. Basi akaielekeza mionzi kwenye kipande cha kaboni, na ile iliyotoka kando ikagonga kipande cha pili. Kutoka hapo ilionekana mingi upande mmoja, haba upande mwingine. Hayo aliyatangaza mwaka 1906. Vifaa vyake vilikuwa vichache, lakini swali lake lilikuwa safi.

Mwaka 1913 alipewa uprofesa Edinburgh, akapata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1917 kwa kuvumbua kwamba kila elementi hutoa eksirei za namna yake. Baadaye alidai kuona jambo jipya aliloliita J. Wengine walijaribu wasilione. Yeye alishikilia, akabaki karibu peke yake. Mwaka 1943 kitindamimba wake aliuawa vitani, naye akafariki mwaka uliofuata. Wapo wanaomkumbuka kwa ile J tu. Sisi twaona hiyo si haki.

Maana gesi izungukayo shimo jeusi huwaka kwa joto na kutoa eksirei, nazo zikigonga elektroni hutawanyika na kupata mtetemo wa upande mmoja, kama zile za kaboni ya Barkla. Hakuna darubini iwezayo kupiga picha ya gesi hiyo katika Cygnus X-1. Lakini mwaka 2022 setilaiti IXPE, iliyorushwa na Marekani na Italia mwaka 2021, ilipima mtetemo huo, ikapata kama asilimia 4. Wataalamu wakatambua kwamba gesi ya moto imetandaa bapa kama sinia. Vipimo vya IXPE viliteremshwa duniani kwa kupokewa katika kituo cha Malindi, pwani ya Kenya.