Sokoine, mkanda, na sabuni ya babu

Juzi nilipanda Hiace njiapanda ya Usagara kurudi chuo. Kijana aliyekaa mbele, pembeni ya dereva, aliambiwa afunge mkanda, akagoma. Mwili ni wake, nauli kalipa yeye, serikali inaingiaje hapo? Gari zima likacheka. Mimi nikamkumbuka Edward Moringe Sokoine, maana babu yangu huwa hamalizi mazungumzo ya serikali na uhuru bila kumtaja.

Sokoine alizaliwa Monduli, tarehe 1 Agosti 1938, kwa wafugaji wa Kimasai. Alisoma hukohuko Monduli na Umbwe, akajiunga na TANU mwaka 1961, akaenda Ujerumani kusomea utawala. Aliporudi akawa mtendaji wa wilaya ya Masai, kisha mbunge. Mwaka 1967 aliteuliwa Naibu Waziri wa Mawasiliano, Uchukuzi na Kazi, kwa hiyo mambo ya barabara na magari aliyajua mapema. Baadaye akapewa Ulinzi, na Februari 1977 akawa Waziri Mkuu. Vita ya Kagera ilimkuta kwenye kiti hicho. Mwaka 1980 aliachia ngazi kwa sababu za afya.

Februari 1983 Mwalimu Nyerere alimrudisha, na hapa ndipo maisha yake yanaponigusa. Maduka yalikuwa matupu. Sukari, sabuni, vitenge, vyote vilipatikana kwa mlango wa nyuma. Machi ikaanza kamatakamata ya wahujumu uchumi nchi nzima. Watu walitupa bidhaa porini usiku ili wasikutwe nazo. Babu alikuwa na kiduka kidogo upande wa Misungwi, akiwa na katoni chache za sabuni za mche. Hakuwa tajiri, jamani. Ila alichimba shimo shambani, akazizika.

Jirani yake hakuwahi kuzika kitu. Alichukuliwa asubuhi, akakaa ndani miezi bila kuambiwa kosa lake, na aliporudi duka halikuwepo. Kumbuka kwamba watu walianza kukamatwa kwanza, ndipo Bunge likapitisha sheria ya uhujumu uchumi, na sheria yenyewe ikarudi nyuma kuwabana waliokwisha kukamatwa. Kesi zilipelekwa kwenye baraza maalumu. Wakili hakuruhusiwa, na rufaa kwenye mahakama za kawaida haikuwepo. Mwaka huohuo ikaja sheria ya Nguvukazi: ukikutwa mjini huna kazi inayotambulika, unapelekwa kijijini ukalime.

Lakini serikali hiyohiyo, mwaka huohuo wa 1983, ilifungua mlango mwingine. Mabasi ya UDA yalikuwa yamezidiwa Dar es Salaam, ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, ambayo watu waliiita dala. Ndiyo asili ya daladala. Kwa hiyo kijana wetu wa kiti cha mbele alikuwa anagomea serikali ndani ya uhuru ulioruhusiwa enzi za Sokoine. Sijui kama angependa kusikia hilo.

Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alikuwa akitoka Dodoma kwenye Bunge, anarudi Dar es Salaam. Dakawa, Morogoro, gari lake liligongana na gari lililoendeshwa na mkimbizi kutoka Afrika Kusini. Akafa akiwa na miaka 45. Uvumi haujaisha mpaka leo, na mimi sitauongeza. Miezi michache baadaye chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro kilianzishwa kwa jina lake.

Mwaka huohuo sheria ile ya uhujumu ilifutwa, ikaja nyingine iliyorudisha kesi kwenye mahakama, na haki za binadamu zikaingizwa kwenye Katiba. Yeye hakuyaona hayo.

Kiukweli mimi sikubaliani na wenzangu wanaoweka mkanda na Nguvukazi kwenye kapu moja eti vyote ni serikali kutuingilia. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973. Ipo imeandikwa, ukikamatwa unajua umekamatwa kwa nini, unaweza kubisha mahakamani, na waziri akikaa mbele inamhusu kama inavyomhusu muuza dagaa. Jirani ya babu hakupata hata kimoja kati ya hivyo. Na kusema mwili ni wangu kuna mipaka, maana ukirushwa kwenye kioo ni ndugu zako watakaolala kwenye korido ya hospitali. Ila namwelewa yule kijana. Serikali inayozoea kukulinda bila kukuuliza, siku nyingine inakulinda dhidi ya sabuni yako mwenyewe.

Alishuka Buhongwa. Mkanda aliufunga tulipokaribia trafiki, akaufungua mita chache mbele.

Ninachoshindwa kukitatua ni babu. Anasema taarifa ya redio ilipotoka, alikaa chini ya mwembe akalia kama amefiwa na kaka. Kwake Sokoine alikuwa kiongozi aliyewaogopesha wakubwa pia, siyo wadogo peke yao, na hajaona mwingine. Baada ya msiba alikwenda shambani kufukua zile katoni. Mvua za masika zilikuwa zimeshazimaliza, kwenye shimo limebaki povu.